Pipa Lisilopungua

“Na hii beseni ilikuja yenyewe? Ilipata miguu, ikaruka ukuta?”

“Nimesema beseni iko yangu. Nimekataa? Jina yangu iko chini yake, imeandikwa na rangi. Nitaikataa namna gani?”

“Basi sema! Sema mbele ya hawa batu, ulikuwa unafanya nini na beseni yako mu parsele yangu, saa kumi na mbili ya asubui, na mimi niko ndani nasali rozari!”

“Kama ulikuwa unasali, uliniona na macho gani, Maman Georgette?”

Umati ukaangua kicheko. Kicheko hicho kilimkuta Inspekta Eulalie Nsimire akiwa bado kwenye kona ya avenue, anahema, kiatu kimoja kimenasa kwenye tope. Akakichomoa, akakikung'uta, akajua amefika. Hapa mtaani Bagira, watu ishirini wakicheka pamoja saa nne ya asubuhi siku ya Ijumaa, ama kuna harusi ama kuna mashitaka.

Eulalie alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi mwenye haki ya kuhoji, kuandika na kufunga mtu kasho, yaani mahabusu. Miaka ishirini na miwili katika kazi, na sifa yake haikutokana na bastola wala na kofi. Sifa yake ilikuwa kukaa. Mumpe kigoda, mumpe kikombe cha chai, mumwache asikilize. Atatoka na maungamo matatu, habari ya uchumba mmoja ambao bado wazazi hawajaujua, na sahani iliyofunikwa ya kupeleka nyumbani.

“Inspekta amefika!” mtu akapaza sauti. “Mutoe njia, mutoe njia!”

Ukuta uliotenganisha parsele mbili, yaani viwanja viwili vya nyumba, ulikuwa wa mabati makuukuu yaliyoshonwa kwa waya. Upande huu alisimama Maman Georgette, mjane, mwalimu mstaafu wa biolojia, mwili mkubwa na sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho. Upande wa pili, kichwa na mabega tu juu ya mabati, alikuwa Papa Gaston, mwembamba, muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, kope zake nyeusi kwa vumbi la magunia. Mkewe alikufa mwaka wa nne sasa. Avenue nzima ilijua kwamba hao wawili hugombana kila siku, kuanzia maji ya mvua mpaka kengele ya kanisa, na kwamba siku wasipogombana mmoja wao ni mgonjwa.

Lakini leo haikuwa ile ya kila siku. Leo Georgette alikuwa amepeleka mashitaka ya maandishi.

“Inspekta,” alisema, akinyoosha kidole kwenye beseni la plastiki lililowekwa juu ya kiti kama mgeni wa heshima, “huyu mutu njo anaua gesi yetu. Nimemukamata. Andika.”

“Nitaandika, Maman. Kwanza nionyeshe maiti.”

Maiti alikuwa nyuma ya nyumba. Lilikuwa shimo la saruji lililofunikwa kwa mfuko mweusi wa plastiki nene, mpana kama vitanda viwili. Mfuko ule ulipaswa kuvimba kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Sasa ulikuwa umelala, una mikunjo, na mvua ya jana imetuama katikati yake. Kutoka hapo mipira ya gesi ilikwenda kwenye jiko la Georgette na majiko ya nyumba nne za chini.

Donatien, mpwa wake Georgette, kijana wa miaka thelathini na moja aliyesoma kilimo mjini, ndiye aliyelijenga. Watu wengine wanaotengeneza gesi ya namna hii hutumia mavi ya ng'ombe. Donatien alitaka kutumia mimea mitupu: mashina ya migomba, mabua ya mahindi, matete ya kando ya barabara, kwa sababu Bagira kuna migomba katika kila parsele na hakuna nafasi hata ya ndama. Mwezi wa sita majiko matano yaliwaka kwa muda wa saa tatu kila jioni. Sasa ni mwezi wa kumi, na moto hautoshi hata kuchemsha chai ya mtu mmoja.

“Kesho kutwa, Jumapili, kiisha misa ya pili, komite ya nyumba tano itakaa,” Donatien alieleza kwa sauti ya chini, maana shangazi yake alikuwa akisikiliza. “Wanataka tulifukie shimo, turudi kwa makala. Banasema mimea haitoe gesi, ni ndoto ya université. Tangu mwezi wa nane, moto ulipoanza kufa, shangazi anasema wakilifukia hatabaki hapa. Anaenda Katana kwa binti yake.”

“Isipokuwa?”

“Isipokuwa tuonyeshe kama kuna mutu analiharibu. Hapo kosa haitakuwa ya gesi.”

Basi hapo ndipo ilipokuwa. Georgette alihitaji mkosaji kabla ya Jumapili, na mkosaji alikuwa na beseni lenye jina lake chini.

Eulalie akarudi kwenye mabati.

“Papa Gaston. Asubuhi uliingia kwa Maman Georgette?”

“Niliingia.”

“Kufanya nini?”

“Sina la kusema.”

“Unauza makala. Gesi hii ikifa, nyumba tano zinarudi kununua kwako. Unajua naandika nini nikiandika hivyo?”

“Andika, Maman Inspekta. Kalamu iko yako.”

“Munaona!” Georgette akapiga makofi. “Munaona vile ananyamaza! Miaka kumi na saba sijaona huyu mutu akinyamaza!”

Hilo Eulalie aliliandika. Si kunyamaza kwenyewe. Aliandika kwamba hata adui yake anashangaa kumwona amenyamaza.

“Asitoke mtu kwenye avenue,” alisema. “Papa Gaston, ukitoka nitakufuata na nitakasirika, kwa sababu kilima hiki kimenichosha. Donatien, nionyeshe namna munalisha hilo shimo. Kila hatua. Usiruke hata moja.”

Donatien hakuruka. Alianza na ndoo iliyotobolewa matundu, iliyojaa majivu. Kila asubuhi mamans wa nyumba zile nne hupitia mlango mdogo wa nyuma na kumwaga humo majivu ya maganda ya ndizi na ya kuni. Yeye humwagia maji juu, maji yanapita katika majivu, yanadondoka kwenye mfereji wa bati unaoyapeleka kwenye pipa la bluu la lita mia mbili. Hayo ndiyo maji ya majivu. Mashina ya migomba hukatwakatwa vipande vya urefu wa kidole na kulowekwa siku nne ndani ya maji hayo, kwenye tangi la pembeni, kisha husuuzwa na kuingizwa shimoni.

“Juu ya nini usiyatupe shimoni hivi hivi?”

“Maman Inspekta, shina la mugomba iko kamba. Wale vijidudu mule ndani njo wapishi wetu wa gesi, lakini habana meno. Majivu inalegeza ile kamba. Inaifungua, nyuzi kwa nyuzi. Kiisha pale vijidudu vinakula.”

“Na bila majivu?”

“Vinaangalia tu.”

Eulalie akakunja mkono wa koti, akaingiza mkono kwenye tangi la kulowekea, akachota vipande. Vilikuwa vimekaa siku nne. Akavuta nyuzi. Hazikukatika. Akazisokota, akavuta kwa mikono miwili, mguu ameukaza. Hazikukatika.

“Hii inafunga mbuzi,” alisema. “Mwezi wa sita ilikuwa hivi?”

Donatien alikuwa ameanza kubadilika uso. “Hapana. Ilikuwa inakatika kama mboga imeiva.”

Eulalie akatumbukiza vidole viwili kwenye pipa la bluu, akavisugua. Nyanya yake kule Nyangezi alikuwa akitengeneza maji ya majivu, na Eulalie aliyajua kwa ngozi kabla hajayajua kwa jina: hunata kidogo, halafu huteleza kama sabuni. Haya hayakuteleza. Yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu.

“Ulipima lini?”

“Nilikuwa na karatasi za kupimia. Ziliisha mwezi wa nane.” Akajikuna shingo. “Mwanzoni nilipima kila siku, ikawa sawa kila siku. Nikaona haina haja. Naangalia kiasi tu.” Akaonyesha mstari mwekundu aliouchora ndani ya pipa. “Asubui ikifika pale, najua iko sawa. Na kila asubui inafikaka pale. Haijapungua hata siku moja.”

“Hata wiki ya jua kali?”

“Hata.”

“Donatien, mwanangu. Hata divai ya paroko inapungua.”

Akamwomba daftari. Kijana aliandika kila jioni moto umewaka dakika ngapi. Mwezi wa sita, mia na themanini. Mwezi wa saba, mia na hamsini, mia na arobaini, mia na ishirini. Mwezi wa nane tisini, sitini, na mwisho wa mwezi kumi na tano. Eulalie alishuka na kidole polepole. Mtu akitia sumu, moto unakufa siku moja. Huu haukuuawa. Huu ulikonda.

Halafu kidole kikasimama. Katikati ya mwezi wa tisa, kutoka kumi na tano, moto ulipanda: ishirini na tano, thelathini, arobaini. Ukakaa arobaini wiki mbili nzima, kabla ya kushuka tena mpaka kumi na moja ya jana.

“Hapa kulitokea nini?”

“Sijui. Nilifikiri ni mvua.”

“Mvua inaongeza majivu?”

Eulalie akalichukua beseni la Gaston kutoka kwenye kiti chake cha heshima. Chini kulikuwa na unga wa kijivu umeganda. Akatema mate juu yake bila aibu, akasugua kwa kidole gumba. Kidole kikateleza.

“Majivu,” alisema.

“Majivu ya sumu!” Georgette alikuwa nyuma yao muda wote.

“Maman, ulifundisha biolojia miaka mingapi?”

“Thelathini na mbili.”

“Majivu ya sumu yako mu somo gani?”

Georgette akainama kulinusa beseni.

Kwenye tope karibu na pipa kulikuwa na nyayo. Nyingi hazikutoka upande wa mabati ya Gaston. Zilitoka kwenye mlango mdogo wa nyuma na kurudi huko huko: kambambili za kike, saizi mbalimbali, zinakuja na kwenda. Hakuna ajabu, mamans huleta majivu. Ila wanaoleta majivu hufika kwenye ndoo, wanamwaga, wanarudi. Nyayo hizi zilizunguka ndoo, zikaenda mpaka kwenye pipa, na hapo zilikuwa zimezama kisigino. Mtu anazama kisigino akisimama na kuinama.

Eulalie akavaa viatu vyake vizuri. “Sasa nitatembea kwa majirani,” alisema. “Nina njaa ya habari.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Colette, mama wa watoto watatu, fundi cherehani, mwanakomite. Alimkaribisha kwa haraka ya mtu aliyekuwa akichungulia dirishani.

“Ni Gaston, si ndiyo?” alisema hata kabla Eulalie hajakaa. “Mimi nilisema zamani. Ule mutu anachukia gesi. Anapita hapa akisema gesi ya majani ni gesi ya mbuzi.”

“Ulimwona kwenye pipa?”

“Kumuona, hapana. Lakini njo yeye.”

“Kwenye pipa uliona nani?”

Colette akakumbuka kwamba kuna nguo ya mteja inamsubiri, akainuka kuikunja. Ilikuwa imekwisha kunjwa.

Mezani, karibu na mlango, baba mkwe wake alikuwa akila. Muzee Placide, karani mstaafu wa parokia, miaka themanini na mbili. Eulalie alimwona mara ya mwisho kwenye sherehe ya Pasaka, akamhurumia, maana shati lilikuwa limemvaa badala ya yeye kulivaa. Alikuwa na ugonjwa wa tension, shinikizo la damu. Dokta alimkataza chumvi, na mzee akajibu kwa kukataa chakula. Leo alikuwa ana mashavu. Alimega bugali, akachovya kwenye lengalenga, akameza, akafunga macho.

“Muzee, naona dokta amekusamehe.”

“Dokta hakusamehe kitu, binti. Mukamwana yangu njo amenisamehe. Kula. Colette, mupe Inspekta kijiko.”

“Papa, Inspekta iko kazini…”

“Polisi hana tumbo? Mupe kijiko!”

Eulalie aliiangalia mboga kabla ya kuionja. Lengalenga ikichemka muda mrefu hugeuka rangi ya majani makavu. Hii ilikuwa imeiva mpaka inayeyuka, na bado ilikuwa kijani, kijani ya kitambaa kipya. Akaionja. Hapakuwa na chumvi ya dukani. Palikuwa na ladha nyingine, ya chini, yenye moshi kidogo, na ghafla alikuwa Nyangezi, ana miaka saba, na nyanya yake anamwambia asile na mkono wa kushoto.

Akaweka kijiko chini.

“Colette. Hii umeipika na munyu wa majivu.”

Colette akakaa.

“Alikuwa anakufa, Maman Inspekta,” alisema. “Hivi hivi, mbele yangu. Kila sahani anasukuma. Siku moja akaniambia, zamani maman yake alikuwaka anapika na maji ya majivu, hakuna duka, hakuna chumvi, na hakuna mutu alikuwaka na tension. Mimi nikafikiri, dokta alikataza chumvi ya duka, majivu hakuikataza. Na kila asubui napita pale pale kwa pipa. Nikachota chupa moja. Akakula! Akaomba tena! Ungefanya nini weye?”

“Ningemuuliza dokta. Na wewe utamuuliza, wiki ijayo, na mimi nitauliza kama umemuuliza. Chupa moja kwa siku?”

“Nusu. Na sikuiba! Mimi si mwizi. Kila nikichota, narudisha. Nusu chupa natoa, nusu chupa naweka, mpaka ule mustari mwekundu. Maji ya robinet, ile ya bomba. Safi kabisa, hata safi kupita ile yake.”

“Kwa nini ulirudisha?”

“Nisiharibu kazi ya Donatien! Si anataka maji ya kulowekea? Nilimupa maji.”

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, akimtazama Eulalie machoni. Kwake yeye kulowesha ni kulowesha. Majivu aliyachukulia kuwa takataka inayopitia njiani, na akaona anamfanyia kijana wa watu hisani kwa kumsafishia pipa.

Eulalie akafanya hesabu kwenye kitabu chake. Nusu chupa kwa siku haiwezi kukondesha pipa la lita mia mbili. Kuna mkono mwingine.

“Nani anajua?”

Colette akatazama cherehani. Mzee Placide ndiye aliyejibu, mdomo umejaa.

“Bote,” alisema. “Ningenyamaza juu ya mboga kama hii? Nilibahubiria Jumapili, nje ya kanisa.”

Kilichobaki kilikuwa kazi ya miguu. Nyumba ya pili, chupa ilikuwa nyuma ya mlango; maharage yao sasa yaliiva kwa nusu ya muda, na mwenye nyumba alikuwa ameshawapa siri dada zake wawili. Nyumba ya tatu, chupa mbili, na maman mwenyewe akaapa kwamba anachukua kidogo tu, kidogo kabisa, kwa ajili ya sombe, kisamvu cha wageni, na kwamba mwezi huu amepata wageni wengi. Nyumba ya nne haikuwa na chupa. Ilikuwa na bidoni la lita ishirini. Maman wa hapo aligundua mwanzoni mwa mwezi kwamba mashati ya mumewe, yakilowekwa humo, hutakata bila sabuni.

“Na maji unarudisha?”

“Lita ishirini kwa lita ishirini, Maman Inspekta! Siye batu ba Mungu.”

Wote wanne walikuwa wanakomite. Wote wanne walikuwa wamesema, kila mmoja kwa kiapo, kwamba muuaji ni Gaston.

Saa kumi na moja jioni vyombo vyote vilikuwa vimepangwa kwenye ukuta mfupi wa Georgette: chupa nne, jagi moja lililojitokeza lenyewe kutoka nyumba ambayo haikuwa hata na gesi, na lile bidoni. Umati wa asubuhi ulikuwa umeongezeka mara mbili, kwa sababu habari ilishuka kilima haraka kuliko mvua. Gaston alisimama upande wake wa mabati.

“Maman Georgette, vijidudu vyako havikupewa sumu,” Eulalie alisema. “Vimenyimwa meno. Pipa linajaa kila asubuhi, na linajaa maji ya robinet. Donatien alipima mstari, hakupima maji. Hawa mamans kila mmoja alichukua kidogo na kulipa kidogo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.”

Georgette alitazama chupa, moja baada ya nyingine, kama anasahihisha mitihani.

“Colette,” alisema polepole. “Weye njo ulisema mu komite, mimea haina gesi.”

“Nilisema, maman.”

“Na usiku unachukua…”

“Asubui, maman. Usiku, jamais, hata siku moja.”

Watu wakacheka, na Colette mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, na maman wa bidoni akajificha nyuma ya mumewe, ambaye shati lake jeupe lilimsuta mbele ya avenue nzima.

“Jumapili hatufukii kitu,” akasema maman wa sombe, kwa sauti ya mtu anayetaka liishe. “Tuletee pipa la pili. Moja ya shimo, moja ya jikoni.”

“Na la kwanza litafungwa na kufuli,” Donatien akaongeza, “na nitapima kila siku, hata na ulimi! Mutupe wiki tatu.”

“Wiki tatu,” wakaitikia wanakomite, mmoja mmoja, wakitazama chini.

Georgette hakuwa amemaliza. Aligeuka kwenye mabati. “Na huyu? Karibu na pipa yangu, na beseni? Na yeye ana mboga?”

“Hilo ndilo lilinichelewesha,” Eulalie alisema, akafungua daftari la Donatien. “Katikati ya mwezi wa tisa moto ulipanda. Hapa. Wakati huo chupa zote hizi zilikuwa zinafanya kazi, na moto ukapanda. Mamans wanapika na gesi, majivu wanayotoa ni kikombe kikombe. Kuna mtu alikuwa anamwaga majivu mengi kwenye ndoo ile. Nimepita sokoni, kwenye malewa, vile vibanda vya chakula. Wapishi kumi wanaonunua makala kwa Papa Gaston wameniambia jambo moja: tangu mwezi wa tisa, akileta gunia, anaomba majivu ya jana. Wanafikiri ana shamba.”

Vichwa vyote viligeuka kwenye mabati.

“Avenue hii yote inachota,” Eulalie alisema. “Mtu mmoja alikuwa analeta. Bila yeye, shimo lako lingekufa kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Na mwezi huu hata yeye amezidiwa na lile bidoni.”

Georgette alisogea mpaka kwenye mabati. Sauti yake ilikuwa imepoteza darasa lake lote.

“Gaston. Ni kweli?”

“Maji ilikuwa imefifia rangi. Mutu wa makala anajua majivu.”

“Lakini unauza makala! Unatukana gesi yangu kila siku, batu bote banasikia!”

“Ninaitukana. Nitaitukana na kesho.”

“Basi juu ya nini?”

Gaston alitazama vidole vyake vyeusi juu ya bati.

“Ulisema wakiifukia unaenda Katana,” alisema. “Sasa mimi hapa nitagombana na nani?”

Mahali fulani nyuma ya umati mtu alikohoa. Mzee Placide, aliyekuwa ameletewa kiti, akamgusa jirani yake kwa fimbo ili asikose kuona.

Eulalie alitoa karatasi ya mashitaka, akaikunjua juu ya goti. “Maman Georgette, nahitaji jibu. Unaendelea na mashitaka au unayaondoa? Nikiandika, naandika leo.”

Georgette hakugeuka. Aliinua mkono nyuma yake, akautikisa mara mbili, kama mtu anayefukuza kuku. Eulalie akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

“Umekula?” Georgette akamuuliza Gaston.

“Nitakula saa ngapi? Toka asubui niko mushitakiwa.”

“Na unasimama pale juu ya bati yangu ya nini, unaikunja? Zunguka.” Alikuwa ameshageuka kwenda jikoni, anajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. “Zunguka kwa mulango ya mbele, kama mutu. Ingia, Gaston. Ingia ule.”